PCM, One ya 3, naitaka MIT: nipimieni nafasi yangu bila kunionea haya

Mgosi wa Kisosora (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunicheka.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCM (fizikia, kemia na hesabu), shule moja ya serikali ya vipaji maalumu. Mkeka ulitoka tukiwa bado JKT, simu zimefungiwa stoo, nikasomewa matokeo na afande: AAA, One ya 3, yaani daraja la kwanza la pointi 3, ambako pointi chache ndiyo bora. GS (General Studies) nina C, najua mtauliza. Kidato cha nne nilipata One ya 7, ila Kiingereza kilikuwa B. Bro aliniombea UDSM dirisha la kwanza nikiwa kambini na jina limetoka, uhandisi wa umeme. Mpaka hapo namshukuru Mungu.

Sasa tangu kidato cha tatu mimi naitaka MIT. Sisemi Marekani popote pale, nasema MIT, kile chuo cha teknolojia. Maza anauza vitenge Ngamiani, mzee alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo ada ya kule hakuna wa kuilipa nyumbani. Nauliza mambo mawili. Kwa matokeo haya nina asilimia ngapi ya kuchaguliwa? Na pointi za mwisho za kuingilia kwa Mtanzania huwa ngapi? Nimezitafuta sijaziona popote.

Mengine kama yanasaidia: nilikuwa nawafundisha wenzangu mekaniki wakati wa prepo ya usiku, nilikuwa kiranja wa maabara, na likizo huwa nashinda kwa anko, anatengeneza redio na sabufa. Cheti cha mashindano sina hata kimoja.

Nyati Mweupe

Dogo, MIT ipi? Ile ya Mbeya ilikuwa MIST, siku hizi ni MUST, ukiitaka hiyo kwa One ya 3 wanakupokea getini na ngoma. Ya Marekani ni ya watoto wa mabalozi. Thibitisha UDSM, subiri boom (fedha ya kujikimu), acha kujitafutia presha.

Binti wa Upanga

Nyati kila uzi wa shule lazima upite kumwaga maji ya baridi. Mtoa mada hongera sana. Wajuzi wanakuja, mimi nimeshakaa mbele.

Mzee wa Logarithimu

Hongera mgosi. Nimesaidia vijana kadhaa kuomba vyuo vya Marekani, wachache wameingia, wengi hawakuingia, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu aliyeona pande zote mbili.

Naanza na swali lako la pili maana ndilo linaloharibu la kwanza. Pointi za kuingilia hazipo. Sisi tumelelewa na TCU, tume ya vyuo vikuu, na hesabu yake ya udahili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, unajumlisha masomo matatu, unapata 15 zako, unauliza mwaka jana kozi iliishia ngapi, unalala. Kozi ikijaa wenye 15 na 14, mwenye 13 hata awe ameunda helikopta uani kwao, jina halitoki. Kule faili linasomwa na watu, tena zaidi ya mmoja, halafu kamati inakaa kulijadili. Matokeo yako kazi yake ni kujibu swali moja: huyu akija, masomo atayamudu? Jibu likiwa ndiyo, matokeo yamemaliza kazi. Kuanzia hapo AAA yako na ya jamaa wa Ilboru au Mzumbe zinalingana, na wa AAB anaweza kuwapita wote wawili.

Kumudu masomo kwenyewe si mchezo. Kila anayehitimu MIT, hata aliyesomea uchumi, lazima apite kozi mbili za kalkulasi, mbili za fizikia, moja ya kemia na moja ya baiolojia. Kwa upande wa kalkulasi PCM imekujenga vizuri. Vekta, namba changamano, milinganyo ya diferensia, kuna Wamarekani wengi wa umri wako hawajafika undani huo. Hapo huna deni na mtu.

Sasa asilimia. Kundi lililoingia 2024, walioomba walikuwa 28,232, waliokubaliwa hawakufika 1,300. Ni kama 4.5 kwa kila 100. Lakini humo wamo Wamarekani wenyewe. Darasa la mwaka mmoja ni watu kama 1,100, na wa kutoka nchi za nje ni kama sehemu moja ya kumi. Maana yake ni nafasi mia moja na kidogo kwa dunia nzima: India, China, Nigeria, Brazil, wote na medali zao za olimpiadi. Kwa mwombaji wa nje tunazungumzia chini ya 3 kwa 100. Akija mtu kukwambia una 40 kwa sababu unatoka Afrika, huyo ana kitu anauza.

Ila usiishike hiyo 3 ukaivaa kama jezi yako. Humo ndani kuna aliyetuma SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) ya hesabu 580, kuna aliyebandika insha ya chuo kingine na jina la chuo hicho bado limo, kuna ambaye mwalimu wake hakutuma barua mpaka dirisha likafungwa. Ukiwatoa hao unabaki na kundi dogo ambalo ni kali kweli. Na wewe kwa sasa bado hujaingia katika kundi hilo, kwa sababu uzi mzima sijaona SAT. Umefanya?

Mgosi wa Kisosora

Sijafanya mkuu. Nilisikia waliifuta.

Mzee wa Logarithimu

Waliisimamisha kipindi cha korona, wakairudisha Machi 2022. Sababu waliyoitoa inakuhusu wewe moja kwa moja: walisema bila mtihani huo inakuwa vigumu kumtambua mtoto mwenye uwezo aliyesoma shule ambayo haina kozi za kifahari. Msomaji wa faili kule haijui One ya 3 kama sisi tunavyoijua. Hesabu ya 790 anaielewa bila mkalimani.

Kwenye hesabu wengi wanaoingia wako kati ya 780 na 800, na 800 ndiyo mwisho. Usiogope. Maswali yenyewe ni aljebra, funksheni, jiometri na takwimu, hakuna hata integresheni. Anayekosea hapo mara nyingi ni Kiingereza cha swali kimemkamata au saa imemkimbiza. Kitakachokutoa jasho ni sehemu ya kusoma na kuandika: aya fupi, swali moja moja, unatakiwa uone mwandishi anadokeza nini. Mtoto wa shule ya serikali aliyezoea muhtasari wa kukariri anaumia hapo. Mtihani wote ni saa 2 na dakika 14, maswali 98, na unafanyika kwenye kompyuta.

Fundi Saa

Niongezee ya vitendo kwa sababu niliufanya. Unajisajili mwenyewe kwenye tovuti ya College Board. Vituo vyetu huwa shule za kimataifa, nafasi ni chache na zinajaa mapema, ukichelewa unajikuta unatafuta kituo Nairobi. Ada kwa sisi wa nje imevuka dola 100, na ule msamaha wa ada ni wa walio Marekani, usipoteze muda kuuomba. Pasipoti ianze leo Uhamiaji, usitegemee kitambulisho kingine mlangoni. Laptopu unakwenda na yako au ya kuazima, umeshaweka programu inayoitwa Bluebook, umeshaifungua nyumbani ukaijaribu. Niliona jamaa anahangaika kuweka sasisho dakika za mwisho kwa bando la simu, msimamizi anamwangalia tu.

Humo ndani ya Bluebook kuna mitihani kamili ya mazoezi, bure. Na hesabu ina kikokotoo kinachochora grafu palepale kwenye skrini. Kizoee. Sisi NECTA tumezoea kuonyesha njia, kule njia hakuna anayeiona, wanataka jibu.

Nyati Mweupe

Sawa, tuseme kapiga 1550. Ada nani analipa? Mbona mnamjaza upepo mtoto wa mjane?

Binti wa Upanga

Hili nalijua kidogo, nijibu mimi.

MIT wanapoamua kukuchukua au kukuacha hawaangalii mfuko wako, na hilo linamhusu mgeni sawasawa na Mmarekani. Wakikukubali, wanakokotoa familia inaweza kutoa nini, pengo lote wanaliziba wao. Vyuo vinavyofanya hivyo kwa wageni unavihesabu kwa vidole: Harvard, Yale, Princeton, Amherst na vichache vingine. Kwingine kwingi ukiomba msaada mkubwa, hali yako ya fedha inaingia kwenye mizani, ndiyo maana utakuta mtu kakataliwa na chuo kinachosifika kuwa chepesi akakubaliwa na kigumu.

Gharama nzima ni zaidi ya dola 85,000 kwa mwaka, chumba na chakula ndani yake. Lakini kuanzia 2025 familia ya kipato cha chini ya dola 100,000, ikiwa na mali za kawaida tu, mzazi hatarajiwi kutoa chochote. Muuza vitenge wa Ngamiani hata akiuza duka na meza zake hafiki huko. Mwanafunzi mwenyewe hutarajiwa kuchangia kiasi, wengi wanakipata kwa kazi za hapohapo chuoni. Ufadhili wa kufaulu sana hakuna. Hata uwe T.O. (Tanzania One, wa kwanza kitaifa), wanatoa kwa uhitaji tu. Na hilo la watoto wa wakubwa, MIT wamesema waziwazi kwamba hawampi mtu uzito kwa sababu baba au babu alisoma pale.

Kazi ipo kwenye fomu ya fedha, inaitwa CSS Profile. Ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kuona meza ya vitenge. Inauliza hati ya mshahara, ritani ya kodi, thamani ya nyumba. Nilikaa na mtoto wa jirani kuijaza. Mama yake anauza leo elfu arobaini, kesho elfu sita, keshokutwa haendi sokoni kwa sababu kuna msiba. Tulichofanya tukachukua daftari lake la mauzo na madeni, tukatafuta wastani wa mwezi, tukaandika barua fupi kueleza tumeupataje, tukaambatanisha barua ya serikali ya mtaa. Chuo kiliuliza maswali mawili matatu kwa baruapepe, tukajibu, yakaisha. Msidanganye namba mahali popote. Na mama aelezwe kabla kwa nini anaulizwa biashara yake, maana wengine wanadhani ni TRA wamekuja kwa mlango wa nyuma.

Kiprono wa Iten

Salamu kutoka Kenya. Huku tuna KenSAP, ilianza 2004, inachukua wanafunzi waliofanya vizuri KCSE (mtihani wetu wa mwisho wa sekondari) na hawana uwezo wa kifedha, inawaandaa kwa SAT na insha, halafu wanaomba vyuo vikubwa vya Marekani. Pia benki ya Equity ina programu yake ya viongozi inayofanya kazi hiyo. Kitu nilichojifunza kwa wale waliopita huko: A plain wanazo wote. Walimu wa programu hawazungumzi A tena baada ya siku ya kwanza. Wanakuuliza, wewe ukiwa hakuna mtu anakuamrisha, unafanya nini? Wengi hukaa kimya kwa sababu bweni halikuacha nafasi ya kufanya chochote. Huyu wa Tanga amesema redio na watu wamepita tu.

Mzee wa Logarithimu

Kiprono umenitangulia. Mgosi, kwa anko unafanya nini hasa? Unashika tochi au unatengeneza? Na kuna kitu chochote umetengeneza nje ya pale?

Mgosi wa Kisosora

Mwanzo nilishika tochi. Sasa hivi amplifaya ndogo ananiachia mwenyewe, napima transista, nafuata njia ya umeme kwenye bodi mpaka naona ilipokufa.

Shuleni tangi la bweni lilikuwa linafurika kila usiku, mlinzi akiwasha pampu anasinzia, asubuhi uwanja ni bwawa na kisima kimeshuka. Nikafunga boya la chupa ya lita moja na nusu kwenye fimbo ya alumini, likipanda linabonyeza swichi ndogo niliyoitoa kwenye fotokopi mbovu. Ya kwanza iliungua siku hiyohiyo, swichi ile haibebi mkondo wa pampu. Likizo nikanunua kontakta ya mtumba, swichi ikawa inaamrisha kontakta tu, kontakta ndiyo inakata pampu. Ikaanza tatizo jingine, maji yakicheza juu, pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nikaweka boya la pili chini ili isiwake mpaka maji yashuke hapo. Hiyo ikakaa, tumemaliza shule tumeiacha inafanya kazi.

Lakini hiyo si sayansi mkuu, ni ufundi tu.

Mzee wa Logarithimu

Ungeanza uzi na hiyo, tusingezungumza asilimia.

Ukiitazama nembo ya MIT utaona watu wawili wamesimama, mmoja na kitabu, mwingine na nyundo. Kile ni chuo cha watu wa namna yako. Umeona tatizo bila kutumwa, umetengeneza kitu kikaungua, ukajua kwa nini kiliungua, ukarudi na dawa, dawa ikazaa tatizo la pili, ukalitatua na hilo. Boya la pili linanivutia kuliko la kwanza. Kuweka pengo kati ya kuwaka na kuzima ndicho wanachofanya wahandisi wa udhibiti, wewe umekifikia kwa kukerwa na kelele za pampu.

Maombi yana sehemu ya hiari ya kuonyesha kitu ulichotengeneza, kwa picha na video fupi. Kama kuna mtu bado yuko shuleni pale, aombe ruhusa apige picha boya, kontakta, waya jinsi zilivyofungwa. Zikiwa mbaya mbaya ndiyo vizuri. Usije ukaipamba ukaiita "mfumo bunifu wa kidijitali wa usimamizi wa rasilimali maji". Ni boya la chupa na kontakta ya mtumba, liite hivyohivyo.

Shughuli wanakuruhusu kuorodhesha nne tu. Kwa anko ni ya kwanza, mekaniki ya prepo ni ya pili, na hapo useme ulikuwa unafundisha wangapi na mada ipi iliwashinda. Ukiranja wa maabara utakuwa na maana ukisema ulifanya nini. Ukiwa ulishika ufunguo tu, uache. Ya nne iache wazi kuliko kubuni.

Kuhusu insha. Ni majibu mafupi, kama matano hivi, maneno 100 hadi 200 na kitu kila moja. Wanauliza unafanya nini kwa kujifurahisha tu, umeshirikianaje na wenzako, ulikotoka kumekujengaje. Hapa ndipo vijana wetu wanapopotea kwa sababu ya GS. Wanaleta utangulizi wenye fasili, hoja sita, kila hoja na mfano, hitimisho lenye mapendekezo kwa serikali. Ondoa yote hayo. Anza na tangi linafurika. Na usijiite mchapakazi. Msomaji akifika boya la pili atakuwa shahidi mwenyewe.

Binti wa Upanga

Mzee usisahau barua za walimu, huko ndiko faili nyingi za Bongo zinakufa.

Mzee wa Logarithimu

Kweli. Wanataka barua mbili: moja ya mwalimu wa hesabu au sayansi, moja ya mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Mtu wa PCM huyo wa pili anamtoa wapi? Mwalimu wa GS! Yule mliyekuwa mnamtoroka kipindi cha mwisho Ijumaa. Ama urudi kwa mwalimu wa Kiingereza au historia wa O-level kama anakukumbuka.

Barua ya kawaida ya shule zetu inasema: mwanafunzi ana nidhamu, mtiifu, anajituma, hakuwahi kupata adhabu, tunamtakia kila la heri. Imepigwa muhuri mkubwa. Kwa kazi ya benki inatosha. Kule haisemi kitu, kwa sababu barua hiyohiyo imeandikiwa darasa zima kwa kubadilisha jina. Mwalimu wa fizikia anatakiwa aandike siku ulipombishia kuhusu swali la mock na nani alikuwa sahihi. Wewe huruhusiwi kumwandikia, na usikubali akikwambia "andika nitasaini". Unachoweza ni kwenda na karatasi moja yenye mambo matatu ya kumkumbusha, ukakaa naye, ukamweleza wasomaji wanatafuta nini. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani hawezi kukumbuka yote, na wengi wakielezwa vizuri wanaandika kwa moyo. Msaidie pia na baruapepe, maana barua anaituma yeye mwenyewe mtandaoni. Kuna mwalimu alikaa na kiungo wiki nzima akidhani ni matapeli.

Mkuu wa shule au mtaaluma naye ana fomu yake na ripoti zako za kidato cha tano na sita. Zifuate mapema, kabla hawajaanza kuhangaika na mitihani ya wengine.

Fundi Saa

Usaili pia upo. Wanaufanya watu waliosoma MIT, kwa kujitolea, na siku hizi mara nyingi ni kwa video. Asipopatikana mtu wa eneo lako haikupunguzii kitu. Ukipata, ni mazungumzo, usivae suti ya mahafali.

Nyati Mweupe

Nimesoma yote, nakubali dogo ana kitu. Ila hakuna aliyegusa jambo la maana. UDSM wanafungua muhula karibuni. Majibu ya huko Marekani yanatoka lini? Au ndiyo aache kiti cha uhandisi cha uhakika kwa ajili ya 3 kwa 100?

Mzee wa Logarithimu

Nyati, hili ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Ratiba iko hivi. Raundi ya mapema inafungwa tarehe 1 Novemba, majibu katikati ya Desemba. Ya kawaida inafungwa siku za mwanzo za Januari, majibu karibu na tarehe 14 Machi, wanaipenda siku hiyo kwa sababu ya pai, ile 3.14, na wamezoea kuyatoa saa ambayo kwetu ni saa saba na dakika 28 usiku. Mgosi hana SAT wala pasipoti, kwa hiyo mapema asahau. SAT ya Novemba, na ya Desemba kama akiba, maombi Januari. Kuna ada ya dola 75 ya kuomba, hiyo anaweza kuomba asamehewe na wanasamehe.

Mtego ni huu: ukishasajiliwa UDSM na kuanza shahada, MIT hawakuhesabu tena kuwa mwombaji wa mwaka wa kwanza. Unakuwa mtu anayehama chuo, na wanaokubaliwa kwa mlango huo ni wachache mno. Huwezi kukaa Mabibo hosteli ukisubiri Machi.

Kwa hiyo ni kuchagua. Mimi nasema kusubiri mwaka mzima kwa ajili ya MIT peke yake ni kosa, nasema hivyo hata kwa mwenye boya mbili. Kusubiri kuna maana kama SAT hiyohiyo, barua hizohizo na insha hizo atazipeleka vyuo vingi vyenye msaada mkubwa wa fedha, na kwingine nje ya Marekani. Korea kuna KAIST, chuo cha sayansi na teknolojia tupu, wanawafadhili wageni wa shahada ya kwanza. Zanzibar pale kuna tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wamefungua 2023, ya kwanza ya IIT nje ya India, wana mtihani wao wa kuchuja na usaili. Hawa wanataka vichwa vya PCM hasa. Na cheti cha NECTA hakiozi, mwakani UDSM anaomba tena kwa 15 zilezile.

Lakini kama maza anamtegemea aanze kuingiza kitu ndani ya miaka minne, au kama mwaka wa kukaa nyumbani utageuka kuwa mwaka wa kuendesha bodaboda ya bro, aende UDSM, asome umeme kwa nguvu zote, MIT aitafute kwenye shahada ya uzamili. Hilo mimi siwezi kuliamua kutoka kwenye simu.

Nyati Mweupe

Hapo tumeelewana. Na dogo aangalie ule ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana sayansi, kwa One ya 3 ya PCM jina linaweza kuwemo. Asije akaacha fedha mezani bila kujua ameacha nini.

Mgosi wa Kisosora

Nimekaa na maza leo baada ya magharibi, nimemweleza kama mlivyoeleza hapa. Ameuliza kitu kimoja tu, kama mwaka huo nitakuwa kwa anko au nitakuwa barazani. Nimesema kwa anko asubuhi, SAT jioni. Kasema tusubiri jina la ufadhili litoke ndipo tuamue, ila pasipoti nikaanze kesho kwa sababu haimlazimishi mtu kusafiri.

Bluebook nimejaribu mtihani wa kwanza kwa laptopu ya bro. Hesabu 760, kusoma na kuandika 590. Mzee ulijua.

Mzee wa Logarithimu

760 bila maandalizi ni nzuri, zile 40 utazipata ndani ya mwezi. 590 ndiyo kazi yako sasa. Acha kukariri misamiati. Soma kila siku makala ndefu ya sayansi kwa Kiingereza, ukimaliza andika sentensi moja: mwandishi anadai nini na ushahidi wake ni upi. Ikikushinda sentensi moja, hujaielewa, rudia. Ukifika 700 njoo tuzungumze orodha ya vyuo.

Mtoto wa Kilakala

Samahani kuingilia, mimi ni PCB (fizikia, kemia na baiolojia), BAM, ile hesabu ya ziada ya wasiosoma hesabu kamili, nina A. Uzi wote ni PCM tu, sisi wa baiolojia hatuna chetu huko?

Mzee wa Logarithimu

Mnacho. MIT huombi kozi kama TCU. Unaomba chuo, unaingia bila kuwa na idara, unachagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Mtu anaingia akisema fizikia anatoka na baiolojia, hakuna anayemuuliza tahasusi. Kwako wewe kazi ni hesabu, BAM haifiki mbali kama hesabu ya PCM, na wanapendekeza mwombaji awe amefika kalkulasi. Chukua kitabu cha Advance cha jirani, anza differensiesheni na integresheni sasa hivi. Udaktari ukiutaka, jua kwamba kule shahada ya kwanza si ya udaktari, unasoma miaka minne kwanza, na shule za udaktari za Marekani zinachukua wageni wachache sana. Kama lengo ni kuvaa koti jeupe mapema, Muhimbili ni miaka mitano.